Wiki Zisizo na Kejeli

Kabla mradi haujafika Kibiti, watu walikuwa wanakufa ovyo tu. Mtu aliugua, akauguzwa na nduguze, akakata roho, akazikwa, na hakuna aliyejua amekufa vizuri kwa kiwango gani. Aibu hiyo iliondolewa na gari jeupe lililokuja kutoka Dar es Salaam limejaa vishikwambi, vizibao vya rangi ya chungwa, na Kipimo cha Ubora wa Siku za Mwisho kwa Watu Wenye UKIMWI. Kipimo kilikuwa na maswali mengi, na chini ya maswali kulikuwa na nyuso za kuchora: wa kushoto kabisa unalia, wa kulia kabisa unacheka mpaka magego yanaonekana. Mgonjwa alitakiwa aguse uso unaofanana na hali yake. Asiye na nguvu ya kunyanyua kidole aliruhusiwa kuukonyeza.

Rukaiya alikuwa mhojaji wa mradi huo, na aliupenda kwa moyo wake wote. Alizaliwa Chumbi, akasoma, akapata shahada yake ya sosholojia, akarudi nyumbani na cheti ndani ya bahasha ya plastiki. Alipokuwa mdogo mjomba wake alikufa kwa ugonjwa huohuo, akiugulia chumbani kwa maumivu, na dawa pekee iliyokuwamo ndani ya nyumba ilikuwa panadoli. Ndiyo maana kwenye semina, mkufunzi aliposema kwamba wakubwa hawaoni maumivu bali wanaona takwimu, na kwamba takwimu zikifika juu mofini ya maji, ile dawa ya maumivu makali, itashuka mpaka zahanati za visiwa vya Delta, Rukaiya aliandika maneno hayo na kuyapigia mstari. Aliyaamini. Hata leo anayaamini, ila sasa huwa anauliza takwimu za nini.

Mratibu wa mradi pale Kibiti aliitwa Ridhiwani. Alikuwa kijana mwenye adabu na shati lililopigwa pasi, na hakuwahi kutamka neno "mgonjwa" maadamu neno "mnufaika" lilikuwepo. Kwa Ridhiwani, mtu asiyeweza tena kumeza mate alikuwa mnufaika. Akifa, alikuwa mnufaika aliyekamilisha.

Mnufaika wa kwanza wa Rukaiya alikuwa Seleman Kondo. Alikulia visiwa vya Delta, upande wa Mbwera, akaishi kwa kukata mikoko. Huko kambini, katikati ya maji na tope, kliniki ilikuwa mbali kuliko Makka, akakatiza dawa mara hii na mara ile, mpaka dawa nazo zikamkatia tamaa. Sasa alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba ukumbini kwa dada yake Mwanaheri, nyuma ya soko, mwili umebaki mifupa na macho. Macho yalikuwa mazima. Ulimi ndio ulikuwa mzima zaidi.

"Katika wiki iliyopita," Rukaiya alisoma kwa sauti aliyofundishwa, ya upole usiozidi, "umejihisi kuwa mzigo kwa wengine?"

"Mzigo?" Seleman alimgeukia dada yake. "Mwanaheri, asubuhi umeninyanyua kwa mikono mingapi?"

"Mmoja," alisema Mwanaheri akiwa anachambua mchele. "Mwingine nilikuwa nimeshika birika."

"Andika hapana, mwanangu."

"Je, unahisi kwamba maisha yako yamekuwa na maana?"

Seleman alifikiri. "Boriti nilizokata mimi zimeshikilia dari za watu nisiowajua, mpaka Unguja huko. Wanalala chini yake hawajui hata jina langu. Hiyo ni maana, au siyo maana?"

Rukaiya aliangalia nyuso za kuchora, zikamwangalia. Kabla hajachagua, mlango wa uani ulisukumwa na sauti ikaingia kabla ya mwenyewe.

"Seleman! Hujafa tu? Mie nimeacha vitumbua vinaungua barabarani, nimekuja mbio nizike, nakukuta umelala unahojiwa kama waziri!"

Huyo alikuwa Sihaba, mjane mnene mwenye kanga mbili na unga uliomgandia mkononi, anayekaanga vitumbua kando ya barabara kuu, pale mabasi ya Lindi na Mtwara yanaposimama.

"Nakusubiri wewe upate mume kwanza," alisema Seleman, "nisije nikakosa pilau."

"Mume nitampata kwenye matanga yako. Mwenyezi Mungu ni mwema, watakuja wengi." Sihaba aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akamshika kifundo cha mguu, akakipimia kwa vidole viwili. "Lo! Hebu sikiliza, ukifika huko kaburini usiseme umetoka Kibiti, utatuaibisha. Sema umetoka Mloka, kule porini kwa simba. Wataelewa kwamba umeliwa na wanyama wakakubakiza."

"Na wewe siku yako ikifika, sanda haitatosha. Watashona maturubai."

"Astaghfirullah," alisema Mwanaheri, akajifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kanga. Seleman naye alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Sihaba akamwinua mabegani, akamwekea bakuli la kutemea na kumfuta mdomo kwa kiganja chake, bila glavu na bila kuacha kumwambia kwamba hata kukohoa anakohoa kama beberu wa kukodi.

Ukoo wa Seleman na ukoo wa Sihaba ni watani tangu kwa mababu. Nani alimchokoza nani mwanzoni hakuna anayekumbuka. Sheria iliyobaki ni nyepesi: mtani anasema atakalo, shambani, harusini, msibani, hata mbele ya jeneza, na wewe unamjibu vyovyote utakavyo, isipokuwa kwa kukasirika. Kumkasirikia mtani ni kuvunja kitu kilichoachwa na wazee. Kumshitaki mtani serikalini ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria, na kwa hiyo halikuwa hata na adhabu yake.

Sihaba alipoondoka kuwahi vitumbua, Rukaiya aliendelea na swali lililofuata.

"Katika wiki iliyopita, kuna mtu yeyote aliyekutolea maneno ya kejeli, dharau au kubeza kuhusu ugonjwa wako au kifo chako?"

Uso wa Seleman ulichangamka kwa mara ya kwanza tangu maswali yaanze.

"Kila siku! Si umemsikia mwenyewe?"

"Kutoka sifuri mpaka kumi, baba. Sifuri ni hakuna kabisa, na kumi ni..."

"Kumi. Kumi na moja hamna?"

"Hamna."

"Basi weka kumi, lakini ujue mmenipunja."

Alijisifu, maskini. Alidhani, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili zake angedhani, kwamba kwenye kipimo cha mambo mazuri kilicho kingi ndicho kizuri. Rukaiya alijua kwamba katika swali hilo kumi ilikuwa mbaya. Alijua pia mtani ni nani: bibi yake alipofariki kule Chumbi, mtani wake alijilaza kando ya maiti akaigiza alivyokuwa akikoroma, na waombolezaji wakacheka huku wanalia. Lakini semina ilikataza kuongeza maneno. Andika anachosema mnufaika, usitafsiri, usipambe. Kishikwambi hakikuwa na kitufe cha mtani, na kisingefungua ukurasa wa mbele mpaka kijibiwe. Akabonyeza kumi. Kioo kikawa chekundu.

Kesho yake Ridhiwani alimwita ofisini, uso umejaa huruma ya kikazi.

"Rukaiya, tuna mnufaika ananyanyapaliwa nyumbani kwake mwenyewe. Kumi kwa kumi! Hata Dar wameshtuka."

"Yule ni mtani wake, kaka Ridhiwani."

"Najua. Kila unyanyasaji una jina lake la kienyeji."

"Lakini anampenda. Anamfuta mate kwa mkono."

"Kipimo kinasema anamkejeli. Kuna swali la kufutwa mate?"

Swali la kufutwa mate halikuwepo. Rukaiya alitaka kusema zaidi, lakini akawaza mofini. Aliwaza kwamba wahojaji wakianza kubishana na takwimu zao wenyewe hakuna atakayeziamini, na visiwani watu wataendelea kuugulia. Akanyamaza kwa nia njema kabisa. Mambo mengi pale ofisini yalifanyika kwa nia njema kabisa.

Mradi ulikuwa na utaratibu wa kumlinda mnufaika, na utaratibu haujawahi kukosa gari. Siku hiyohiyo Sihaba aliitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, mbele ya watu waliokuja kwa shida zao za mipaka na mbuzi, akasomewa kwamba amelalamikiwa kwa kumnyanyasa mgonjwa kwa maneno. Mwenyekiti alikuwa mtu wa pale pale, na alijua vizuri anachokifanya ni kichekesho. Lakini mradi ulikuwa umempa viti vya plastiki vya ofisi, naye alikuwa amekalia kimojawapo. Alimwandikia Sihaba marufuku ya kukanyaga ua wa Mwanaheri, akagonga muhuri bila kumtazama usoni.

"Nani kalalamika?" aliuliza Sihaba.

"Imetoka kwa mgonjwa mwenyewe," alisema mwenyekiti. "Ndivyo walivyoniambia."

Sihaba hakusema neno jingine, na waliokuwepo walisema hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona hivyo.

Matokeo yalikuwa ya kupendeza. Wiki iliyofuata Rukaiya aliuliza swali la kejeli, na jibu likawa sifuri. Iliyofuata tena, sifuri. Mstari kwenye kioo cha Ridhiwani ulishuka ukatulia chini kama mto umefika baharini. Nyumba ya Mwanaheri ilijaa heshima. Wageni waliingia kwa kunyata, wakanong'ona, wakamwambia Seleman pole, wakatikisa vichwa na kuulizana juu ya kitanda chake, kana kwamba hayupo, kama amekula. Shehe alikuja akasoma dua, akaondoka taratibu. Hakuna aliyempimia kifundo cha mguu. Seleman aliacha uji, akaacha kuuliza habari za sokoni, akageuzia uso ukutani. Kwenye swali la utulivu Rukaiya alilazimika kuandika kwamba mgonjwa ametulia sana.

"Mwanangu," alisema Seleman siku moja, bado ameelekea ukutani, "Sihaba anaumwa?"

Rukaiya alizima kishikwambi. "Haumwi, baba."

"Kafa?"

"Hajafa."

"Basi kuna nini? Mtani hamwachi mtu katikati. Mwanaheri namuuliza, anajifanya hasikii."

Mwanaheri, aliyekuwa mlangoni, alikaa chini. Yeye alizisikia habari hizo sokoni tangu siku ya kwanza na hakujua azibebe vipi mpaka ukumbini. Ikabidi Rukaiya aseme yeye. Alisema yote: swali, kumi, kioo chekundu, mwenyekiti, muhuri. Alisema kwa kifupi, kwa sababu hapakuwa na namna ya kulisema kwa urefu likawa zuri.

Seleman aligeuka. Ilimchukua muda.

"Mimi nimemshitaki mtani wangu?"

"Hukumshitaki, baba. Ni sisi."

"Yeye anajua ni ninyi?"

"Ameambiwa imetoka kwako."

"Basi ni mimi," alisema Seleman. "Nitakufa na jina hilo. Watoto wa ukoo wataambiwa, alikuwepo mmoja, alichokozwa akakimbilia serikalini." Alifunga macho. "Kufa si neno, mwanangu. Nimeshazoea kuambiwa. Lakini nisife huyu mwanamke anadhani nilikasirika. Nitengenezee hilo tu. Hayo ya nyuso zenu chagueni mnazozitaka."

Rukaiya alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Ridhiwani na kumwomba afute malalamiko.

"Sasa hivi?" Ridhiwani alicheka kidogo, kwa upole. "Rukaiya, Alhamisi wageni wa wafadhili wanakuja. Seleman ndiye kielelezo chetu. Ameshuka kutoka kumi mpaka sifuri! Unataka niwaambie tumekosea nini, kwamba alikuwa anafurahia?"

"Ndiyo."

"Hilo litapitia kamati ya maadili. Inakaa mwezi ujao."

"Mwezi ujao hatakuwepo."

"Basi," alisema Ridhiwani, na alionekana kweli kusikitika, "tutaliweka kwenye yale tuliyojifunza."

Ilibaki barabara kuu. Rukaiya alimkuta Sihaba mbele ya jiko, kikaango chenye mashimo kikichemka mafuta, mabasi yakiingia na kutoka, wauzaji wa korosho wakikimbilia madirisha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unataka vya ngapi?"

"Sitaki vitumbua. Nimekuja kwa habari za baba Seleman."

"Simjui." Sihaba alimimina unga wa mchele uliochachuka kwenye shimo moja, kisha jingine. "Nilikuwa na mtani wa jina hilo. Aliudhika. Mtani akiudhika si mtani tena, anakuwa jirani tu, na jirani mimi ninao wa kunitosha."

"Hakuudhika. Mimi ndiye niliyemuuliza swali. Alikuwa anajisifia wewe, shangazi. Alitaka kumi na moja."

Sihaba alinyanyua kichwa. Alimtazama binti huyo kuanzia hijabu mpaka viatu vya kufunga kamba, kama anayekagua samaki wa jana.

"Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Chumbi."

"Chumbi! Ningesikia umetoka Ulaya ningekusamehe. Chumbi hakuna watani?"

"Wapo."

"Ulijua, ukaandika?"

"Nilijua, nikaandika."

Sihaba aligeuza vitumbua kwa kijiti, kimoja kimoja, bila haraka. Rukaiya alisimama pale moshi unamwingia machoni na hakuhama.

"Maneno yako hayanitoshi," alisema Sihaba mwishoni. "Nimeaibishwa mbele ya wanaume wanaogombea mbuzi. Mimi nataka nisikie kwa kinywa chake. Na ule ua siukanyagi, kuna muhuri wa serikali. Nikifungwa nani atakaanga? Aje yeye."

"Hawezi hata kukaa, shangazi."

"Muhuri umesema mimi nisiende kwake. Haukusema yeye asije kwangu." Akamgeukia abiria aliyekuwa akinyoosha mkono toka dirishani. "Haya, vya ngapi, bwana?"

Seleman alipoletewa jibu hilo alifumbua macho yote mawili. "Kasema nije?" aliuliza. "Kwa jeuri hiyo hiyo?"

"Kwa jeuri hiyo hiyo."

"Mwanaheri! Niletee kanzu."

Dada mtu alilia, akasema njiani atakatika, wataambiwa wamemuua. Seleman akamwambia kwamba hilo hata mradi hauwezi kulipima, atakatika wapi. Na kama ni ukutani pale ameshaukariri ukuta wote. Asubuhi ya Alhamisi, kwa kuwa ndiyo siku aliyoamka na nguvu kidogo, Mwanaheri na Rukaiya walimfunga shuka mbili, wakamwegemeza katikati yao kwenye bajaji ya kijana mmoja aitwaye Dulla.

"Oya sista," Dulla alinong'ona, "mzee atafika kweli huyu?"

"Nakusikia," alisema Seleman. "Endesha. Ukikwepa mashimo nitakuombea dua."

Dulla aliendesha kama amebeba trei ya mayai.

Sihaba aliwaona tangu bajaji inapinda. Alisimama, kijiti mkononi. Zilikuwa zimepita wiki kadhaa tangu amwone, na wiki hizo hazikumwachia Seleman kitu. Walipomweka kwenye benchi, kichwa kikaegemea bega la dada yake, na shingo ikaonekana ilivyo. Midomo ya Sihaba ilifunguka. Watu waliokuwa wakinunua walisogea pembeni kupisha neno.

"Pole, kaka," alisema Sihaba.

Kwa macho ya Seleman, aliyekuja kwa kubebwa mpaka pale, Rukaiya aliona kwamba hilo ndilo neno alilokuwa akilikimbia kutoka ukumbini, nalo limefika barabarani kabla yake.

"Na wewe?" alisema Seleman taratibu. "Na wewe, Sihaba, umeanza pole?"

Machozi yalimsimama Sihaba machoni.

"Sikukushitaki," alisema Seleman. "Niliulizwa kama nina mtu wa kunikejeli, nikajivuna. Basi. Kosa langu ni kujivuna." Alipumzika, akavuta pumzi kutoka mbali. "Nimekuja kwa jambo jingine. Jana Mwanaheri kaninunulia kitumbua chako kwa siri. Nikadhani kaniletea figa. Tangu ukose mtu wa kukwambia ukweli, mikono yako imekufa kabla yangu."

Mafuta yalichemka. Kisha kidevu cha Sihaba kilitikisika, na Rukaiya hakujua kama ni kilio kinakuja au nini.

"Na ulikitafuna kwa meno gani?" Sauti ilitoka imepasuka, ikajikusanya. "Meno gani, Seleman? Hayo yaliyobaki kama visiki vya mikoko uliyoimaliza? Umeimaliza Delta nzima kwa shoka, samaki hawana pa kuzalia, sasa umekuja kumaliza vitumbua vyangu?"

"Ndiyo," alisema Seleman, na tabasamu likaanza.

"Tena usikae hapo karibu na barabara! Basi la Mtwara likipita litakupeperusha mpaka Ikwiriri, tuje tukuzike ugenini, tulishwe bada la muhogo bila mchuzi!"

Seleman alicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Hapakuwa na mahali pa kukiweka. Lakini kilimtoka, na wanunuzi wakacheka, na wauzaji wa korosho wakaacha dirisha la basi waje kusikiliza. Mwanaheri alikuwa analia na kucheka bila kujua kipi ni kipi. Sihaba alichukua kitumbua cha moto, akakipuliza, akakimega kidogo kama cha mtoto, akamtia mdomoni mwenyewe, huku akimweleza kwamba watu wa ukoo wake wote wamezaliwa na njaa na ndiyo maana wanakufa polepole, wanasubiri sahani ya mwisho.

Hapo ndipo gari jeupe liliposimama. Ridhiwani alikuwa amewapeleka wageni nyumbani kwa kielelezo chake, wakakuta kitanda kitupu na jirani aliyewaonyesha njia. Aliteremka na kizibao cha chungwa, nyuma yake wageni watatu wenye kofia za jua, na akamwona mnufaika wake barabarani, katikati ya umati, akitukanwa na mwanamke yuleyule mwenye marufuku ya serikali.

"Rukaiya," alisema kwa meno yaliyofungwa, "hiki ni nini?"

Mmoja wa wageni, mama mwenye nywele nyeupe, alikuwa ameshasogea, anamtazama Seleman anavyocheka. Akauliza kwa Kiingereza huyu mwanamke ni nani na anasema nini.

Sihaba wakati huo alikuwa anasema kwamba sura ya Seleman ingewekwa shambani Mohoro, nguruwe wasingekula mpunga mwaka mzima.

Ridhiwani alifuta jasho. Alitazama umati, akatazama wageni, akaona kazi yake imening'inia kwa uzi. Akasema mama huyu anamfariji mgonjwa.

Ilikuwa ndiyo tafsiri sahihi kuliko zote alizowahi kufanya, na aliifanya kwa kudanganya.

Mama wa nywele nyeupe aliguswa sana. Akauliza mama huyu amepata wapi mafunzo. "Kwetu," alisema Ridhiwani, kwa kuwa ameshaanza. "Ni mhudumu wetu wa kujitolea."

"Kumbe," alisema Rukaiya kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi, "kwa hiyo kesho anaweza kuingia uani kuendelea na kazi yake, kaka Ridhiwani? Ile barua ya mwenyekiti?"

Ridhiwani aliwageuzia wageni tabasamu.

"Barua gani?" alisema.

Ndivyo marufuku ilivyokufa: ghafla, bila maumivu, na bila kupimwa na mtu. Rukaiya naye hakuongezewa mkataba ulipoisha, akaambiwa ni uhaba wa bajeti. Lakini kabla hajaondoka aliandika maelezo marefu kuhusu swali lile na jinsi lilivyojibiwa, akayatuma Dar es Salaam kwa kila anwani aliyokuwa nayo. Hajajibiwa. Anaamini atajibiwa.

Sihaba alirudi uani kesho yake, na siku zote zilizofuata. Alifika na mafuta mikononi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akaanza alipoishia. Mofini ilikuwa haijashuka, na maumivu yalikuwa maumivu. Kejeli haikuyaondoa, na asije mtu akasema iliyaondoa. Kuna saa Seleman aliuma shuka, na Sihaba alimshika mkono akimwambia aume polepole, shuka ni ya watu. Rukaiya alikuwa akipita jioni baada ya kazi, bila kishikwambi, kumsaidia Mwanaheri kufua.

Jumatano moja, baada ya adhuhuri, alikuwepo. Seleman hakuwa amesema kitu tangu asubuhi, lakini macho yalikuwa yanamfuata Sihaba, aliyekuwa akimlowesha midomo kwa pamba na kumpa maagizo ya safari.

"Na ukifika," alikuwa akisema, "usianze tabia yako ya kutaka kulala karibu na mlango. Kuna wazee wetu pale wametangulia, wana heshima zao, na babu yangu hapendi mtu anayekoroma. Ukimkuta mwambie..."

Mwanaheri alimgusa bega. Akatikisa kichwa taratibu.

Sihaba alitazama kifua cha Seleman. Akasubiri kidogo. Kilikuwa kimetulia. Mkono wake wenye pamba ulibaki hewani, na Rukaiya akadhani sasa atapiga ukelele.

Lakini Sihaba alimsogelea Seleman sikioni, kwa sababu hakutaka kumwacha na sentensi nusu.

"Mwambie umetumwa na Sihaba," alisema, "na kwamba nimechoka kukubeba, sasa ni zamu yake."

Kisha akamfumba macho.